Mwaka Tuliovunjika Paja, Mimi na Mama Mkwe

Mwezi uliopita nilikwenda Sola kumwona wifi yangu Kabula, dada wa Maduhu, marehemu mume wangu. Tulikuwa hatujaonana tangu msiba wa Maduhu, na hata siku ile ya msiba tulisalimiana tu tukapishana, kama watu waliokutana gulioni. Safari hii alikuwa amenipigia simu mwenyewe. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja juu ya stuli, michembe ya viazi na karanga tayari mezani. Tulikula, tukaongea habari za mvua na bei ya pamba, na nilipokuwa nanawa mikono akaniuliza bila kunitazama, "Wifi, mama alipatwa na nini mwaka ule?" Nikamwambia sijui. Hakuridhika. "Wewe ndiye uliyelala naye," akasema. Nikamjibu kwamba nililala naye chumba kimoja miezi mitatu na bado sijui. Akachukua karanga nyingine akaimenya taratibu, akaiweka mezani bila kuila. Tangu nirudi Bariadi swali lake halijanitoka. Si kwamba sijawahi kupewa majibu. Nimepewa mengi, na kila moja lilinitosha siku mbili tatu, mpaka nilipoliweka kando ya mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa miezi minane. Ilikuwa wakati wa kupeleka pamba kwenye kituo cha kununulia, na Maduhu alikuwa ametangulia kwa baiskeli kushika nafasi kwenye foleni. Mimi na mama mkwe wangu, Nyanzobe, niliyemwita mayu, yaani mama, tulipanda juu ya pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe, jirani yetu mmoja akiwaswaga ng'ombe. Tulikaa bega kwa bega. Penye korongo gurudumu la kushoto lilishuka ghafla, mkokoteni ukapinduka, na ubao wa pembeni ukatuangukia sote wawili kwa pamoja, yeye na mimi, juu ya paja la kushoto. Nakumbuka nilikuwa nimefunikwa na pamba hadi kifuani na sikuelewa kwa nini mguu wangu umeelekea upande ule. Nilimsikia mayu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Limi, usijitikise." Nilitii. Sijui ningefanya nini kama asingesema.

Walitupeleka hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Bariadi, ambayo leo haipo tena. Siku hizo Bariadi yenyewe ilikuwa bado inahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Mtu mzima mmoja na kijana mmoja, mfupa ule ule, mguu ule ule, siku ile ile: wauguzi walikuja kututazama kama watu waliokuja kuona mapacha. Tulipitishiwa chuma chini ya goti, kikafungwa kamba, na kamba ikapita juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda ikaning'iniza kopo la mchanga ili livute mfupa unyooke. Vitanda vyetu viliwekwa kwenye chumba cha mwisho, kimoja upande wa dirisha, kingine upande wa mlango, hatua mbili kati yake. Mimi nilipewa cha dirisha. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na juu ya kila kitanda palining'inia kipande cha mbao kwenye mnyororo cha kushika ukitaka kujiinua. Muuguzi aliyetuhudumia zaidi aliitwa Perpetua, msichana mnene, mchangamfu, asiyenizidi zaidi ya miaka mitano. Siku ya kwanza alituambia, "Kila mkisikia kengele ya kanisa, shikeni hiyo mbao, mjiinue mara kumi. Na huo mguu mzima muufanyie kazi, msiuache ulale kama umevunjika nao."

Mimi nilijiinua. Sikufanya hivyo kwa akili yoyote, wala sikujua faida yake. Nilikuwa nimechoka kutazama dari. Nilijiinua kuona nani anapita nje, nilijiinua kusikia ugomvi wa wanawake kwenye banda la kupikia, nilijiinua hata bila kengele. Mguu wangu mzima nilikuwa nausukuma kwenye chuma cha kitanda mpaka kinapiga kelele. Mayu hakujiinua. Perpetua alimbembeleza, "Bibi, basi mara tano tu," naye akawa anajibu, "Baadaye." Mtu ukimwambia mwanamke wa umri wake, aliyezaa, akazika, akalima ekari kwa ekari, ajining'inize kwenye mbao mbele ya mke wa mwanawe, unamwomba jambo ambalo halina mahali pa kukaa. Na ndicho kilichokuwa kigumu kuliko maumivu. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuonekana hovyo na mkamwana, na sisi tulikuwa tunaletewa chombo cha haja kitandani, hatua mbili tu kati yetu. Perpetua alifunga kanga kwenye kamba katikati ya vitanda. Kanga ilizuia macho. Masikio haikuyazuia.

Kabula alikuja kutoka Sola kutupikia, maana siku zile hospitali ilikutibu na chakula ulijiletea. Alikuwa na miaka thelathini hivi, ameacha watoto wake kwa shemeji zake, na alilala kwenye banda la jamaa wa wagonjwa. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali na mlenda, au dagaa wanaoletwa kutoka Lamadi, na kila siku kibuyu cha maziwa ya mgando, ambacho alikifuata kwa miguu kwa mtu mwenye ng'ombe. Maziwa yalikuwa ya mama yake. Alisema hivyo kila alipoyamimina: "Haya ya mama." Mimi nilipata kikombe kidogo, kwa haki kabisa. Lakini akishatoka kuosha vyombo, kanga ilikuwa inasogea, mkono wa mayu unatokea na bakuli lake likiwa karibu limejaa. "Kunywa," ananiambia. "Mimi yananijaa tumboni nikiwa nimelala." Mara ya kwanza nilikataa. Akasema, "Wewe una watoto wa kuzaa. Kunywa, mkono unachoka." Nikanywa. Dagaa nao wakaanza kunifuata njia hiyo hiyo, na nusu ya ugali. Njaa ya mtu wa miaka ishirini aliyelazwa haina adabu. Nilikuwa nasikiliza kanga isogee.

Ilinichukua miaka mingi, na mimi mwenyewe kupata mkamwana, kuelewa jambo ambalo lingeweza kuonekana siku ile ile. Maziwa hayakuwa yanamjaa tumboni. Alikula kidogo na kunywa kidogo ili asihitaji kuomba kile chombo mbele yangu. Nilipolijua hilo nilikaa jikoni kwangu nikashindwa kuendelea na kupika. Maana miaka yote nilikuwa najitetea moyoni kwamba sikumfanya lolote. Na kweli sikumfanya lolote. Lakini kama kwenye kitanda cha dirishani angelala mwanamke mgeni, mtu asiyemhusu, huenda mayu angekula. Huenda angejiinua hata mara ishirini. Sasa hapo mtu anasema nini? Nimekosa, au sikukosa?

Kabula aligundua tulipokuwa mwezi wa pili pale hospitali. Hakusema ndani. Nilimsikia kupitia dirishani, yuko bandani na wanawake wengine, wanachambua mboga. "Mama anapungua," alisema. "Ukimshika mkono ni ngozi tu. Yule mwingine mashavu yamejaa." Mwanamke mmoja akamwambia vijana ndivyo walivyo. Kabula akasema, "Zizi moja, ng'ombe mmoja ananona, mwingine anakonda, chakula kimoja. Mwenye zizi huuliza." Nikasikia visu tu vinakata. Nilitazama upande wa kanga kujua kama mayu amesikia. Alikuwa anapumua kama mtu aliyelala. Jioni ile bakuli lilipotokea sikulipokea. Mkono ukakaa pale ukitetemeka, na mwisho nikalipokea kwa sababu ya ule mtetemeko. Nikayamimina dirishani. Kwa hiyo kuna maziwa ambayo hayakuingia kwa yeyote kati yetu, na hilo sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Daktari alikuwa mzee mmoja mrefu aliyekuja kutoka Mwanza mara mbili kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa tatu alitupiga picha za eksirei, akasema mifupa yote miwili imeunga, wangu umeunga vizuri sana, wa mayu umeunga vya kutosha. Tungeondolewa vyuma, tukae siku chache, kisha tusimame. Kabula alifurahi mpaka akanisalimia kwa jina. Siku ya kusimama nilianza mimi. Perpetua alinishika kiunoni, nikakanyaga sakafu, na chumba kikazunguka. Miguu haikuwa yangu, si uliovunjika wala ule mzima. Ilikuwa kama nimeazimwa miguu ya mtoto. Nilitokwa jasho, nikacheka, nikashika magongo, nikaenda hatua nne hadi dirishani. Nilipogeuka walikuwa wanamwinua mayu, wauguzi wawili na Kabula mbele yake na mikono wazi. Walimwambia aweke uzito kwenye mguu mzima, wa kulia, ule mwingine uguse chini tu. Akafanya kama alivyoambiwa. Alisimama wima, akavuta pumzi ya kwanza ya kusimama baada ya miezi mitatu, na nikasikia sauti ndogo kama bua kavu la mtama limekanyagwa. Mayu akasema, "Mh." Hakulia. Alimtazama Kabula kama anayetaka kuulizwa jambo, kisha akaanza kukaa chini polepole, na wauguzi wakakaa naye. Ulikuwa ni mguu wa kulia. Nyonga ya mguu ambao haukuangukiwa na chochote.

Najua kuna watu watakaosoma hapa na kuona jambo ni wazi. Kwetu sisi mle chumbani halikuwa wazi hata kidogo. Perpetua alikuwa anasema, "Ni huu? Ni huu?" akigusa mguu wa kushoto. Kabula alinitazama pale dirishani nilipokuwa nimesimama, nimesimama, na kitu fulani usoni mwake kikafungwa. Mimi niliona aibu ya kusimama. Nilirudi kitandani haraka nikalala, kama vile nikilala yeye atasimama.

Daktari alipokuja alileta picha zote akazishika kwenye mwanga wa dirisha langu. Alinionyesha nyonga ya mayu, ufa mwembamba, halafu akanionyesha mfupa wenyewe jinsi ulivyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. "Mfupa unaishi kwa kazi," aliniambia. "Ukilala, mwili unaona hauna kazi, unaanza kuula. Yote miwili, uliovunjika na mzima." Nikamuuliza kwa nini wangu haukuliwa. Akaweka picha yangu. "Umeliwa. Tazama hapa. Na wako umepungua." Nilitazama na sikuona lolote, lakini nilimwamini, na ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Alijaribu tena. Alisema watu wawili wanaingia kwenye kiangazi kirefu, mmoja ana ghala limejaa hadi juu, mwingine ghala lake lilikwisha kupungua kwa miaka, kwa kuzaa na kwa uzee. Wote wanakula. Kiangazi kikiisha mmoja bado ana kitu chini, mwenzake amefika kwenye udongo. "Na mvua ikinyesha," akasema, "wewe utavuna upesi ulijaze tena. Yeye atavuna kidogo, taratibu, na huenda lisijae kama zamani." Nilimwomba aende kumwambia Kabula maneno hayo hayo. Alikwenda. Kabula alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akamwuliza, "Na maziwa?" Daktari akasema maziwa yangesaidia. Hilo ndilo neno Kabula alilolichukua kwenda nalo nyumbani.

Siku hizi nimekwisha kumpita mayu umri aliokuwa nao pale kitandani. Nimepimwa mifupa Mwanza, nikaambiwa ni myepesi, nikapewa dawa, na kijana aliyenipima akanieleza habari za hedhi kukoma na jinsi mwanamke anavyoanza kupoteza mfupa hapo hata kama anatembea kutwa. Akaniambia leo mzee akivunjika nyonga, wanafanya upasuaji mapema na kumwinua mapema wanavyoweza. Kumlaza miezi ni kumharibu. Nilimuuliza, "Na zamani, walipowalaza?" Akasema walifanya walichoweza kwa vifaa walivyokuwa navyo. Ni jibu zuri. Nilitoka nalo hadi stendi, na nilipokaa kwenye basi likawa halitoshi tena. Kama kitanda ndicho kilichomla, kitanda kile kile kilinila na mimi, mwenye nguvu zangu, na nikatembea kwenda dirishani. Ninaelewa ghala. Ninaelewa hedhi. Kisichonikaa ni ule mkono kwenye kanga.

Mwaka ule tulirudi nyumbani mwezi wa kupanda. Mayu alirudishwa kwenye machela, mimi kwa magongo. Ukoo ulikutana kwenye uwanja wa nyumba yetu, baba mdogo wa Maduhu akiwa mkubwa wao. Mayu alitolewa nje na kitanda chake. Maduhu alikaa akichora ardhi kwa kijiti, na kwa hilo nilimkasirikia miaka mingi. Kabula alisema maneno machache sana. "Waliangukiwa na ubao mmoja. Wakavunjika mfupa mmoja. Wakalala chumba kimoja, nikawapikia chungu kimoja. Huyu anatembea. Mama amevunjika mguu ambao haukuguswa na kitu. Mimi sisemi lolote. Nauliza." Pakawa na shauri kwamba nirudishwe kwetu Mwamanyili kwa muda, mpaka ijulikane. Kila mtu pale alijua maana ya kwa muda. Wengine walitaja mganga wa kwenda kuulizwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini, na jambo ninaloona haya kulikumbuka ni kwamba sikuwa na uhakika. Nilijipima mwilini, mapaja, mashavu, nikawaza, labda. Labda mtu anaweza kuchukua bila kujua.

Baba mdogo akamgeukia mayu. "Shemeji, wewe unasemaje? Mkamwana wako amekuchukulia nguvu?" Nilimtazama nikingoja aseme hapana. Nilikuwa nimemngoja aseme hapana tangu siku ya zile mboga. Mayu alifikiri. Mbuzi walipita, akawangoja wapite.

"Sijui," akasema.

Akaendelea, "Miguu ni yangu, na sikuona ikichukuliwa. Maziwa nilimpa mimi. Kama kuna kingine, sijui. Ila asiende."

"Kwa nini asiende?" baba mdogo akauliza.

"Nani atanigeuza?" akasema mayu. "Kabula ana mji wake. Nyie wengine mnanishika kama gunia. Huyu amelala kama mimi, anajua panapouma."

Basi nikabaki. Hakuna aliyesema sina hatia. Nilibaki kwa sababu nilijua kugeuza. Nilimgeuza asubuhi, mchana na jioni, mto kati ya magoti, mkono mmoja nyongani na mmoja begani. Nilimlisha mwenyewe nikihakikisha amemeza, na chombo nilikileta bila kuombwa, nikatazama pembeni. Maduhu alimfungia kipande cha mbao darini kwa kamba ya katani. Mwanzoni mayu alisema, "Baadaye." Siku moja nikiwa nje napepeta mtama nilisikia kamba inalia. Sikuingia. Nilipepeta mtama ambao ulikwisha kuwa safi. Mwezi wa kwanza alianza kukaa kitako mlangoni, mwezi wa pili alisogea kutoka kitandani hadi kwenye kigoda akinishika shingo. Aliishi mwaka mmoja na kidogo baada ya hapo, na kilichomchukua kilikuwa kifua, si miguu.

Mwisho wa Februari Kabula alikuja kumjulia hali. Hatukuwa tunasemezana zaidi ya salamu. Tulikuwa wote watatu mlangoni asubuhi, mayu kwenye kigoda, na pamba mbele yetu imefika magotini. Ghafla mayu akasema anataka kusimama. Kabula akasema, "Mama, tafadhali." Mayu akanyoosha mikono yote miwili, mmoja kwangu, mmoja kwake, akangoja. Hatukuwa na la kufanya. Nilimwambia Kabula amshike chini ya kwapa, si mkononi, aweke goti lake mbele ya goti la mama. Akafanya. Nilihesabu hadi tatu, tukamwinua.

Alisimama. Sote wawili tulikuwa tunasikiliza, nadhani, vichwa vimeinama, tukingoja ile sauti. Nilisikia kuku. Nilisikia pumzi za Kabula upande wa pili. Mayu hakututazama, alikuwa anatazama shambani, juu ya vichwa vyetu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, na miguu yake ilitetemeka lakini ikamshika.

"Nani alipanda ile pamba?" akauliza.

"Maduhu," nikasema.

"Mistari imepinda," akasema mayu. "Nikalisheni."

Tukamkalisha. Kabula alikuwa analia bila sauti, mkono wake bado uko chini ya kwapa la mama yake, na wangu bado uko upande wa pili. Mimi niligeuka kutazama shamba ambalo nilikuwa nalipita kila siku tangu lipandwe, na kweli, kuanzia katikati hadi kwenye mpaka, mistari yote ilikuwa imepinda.